Ninunue programu gani ya hali ya hewa kwa simuleta yangu ya ndege?

Swali: "Mtaalamu, habari za kazi. Nina simuleta ya ndege nyumbani, Microsoft Flight Simulator ya 2020, kwenye kompyuta yenye RAM ya GB 16 na kadi ya michoro ya GB 8. Narusha zaidi ndege za abiria kwenye mtandao wa VATSIM, ambako watu halisi huongoza ndege za simuleta, na mara tatu sasa mwongoza ndege ameniambia kimo changu hakilingani na ninachokitaja redioni. Ninachokiona dirishani pia hakilingani na ripoti ya kiwanja: ripoti inasema mawingu yako futi 800, mimi nauona uwanja tangu mbali. Nikiingia kwenye mawingu mazito fremu (picha kwa sekunde) zinashuka kutoka 40 hadi 18. Rafiki yangu anasema bila programu za nyongeza hali ya hewa ya simuleta ni ya uongo. Nimeweka akiba ya kununua tatu: moja ya mawingu mazuri, moja ya kuleta METAR halisi (ripoti za hali ya hewa za viwanja), moja ya mtikisiko wa hewa. Ninunue zote? Na je, zitanisaidia kujiandaa? Miezi michache ijayo naanza shule ya urubani."

Ndugu msomaji, usinunue zote tatu. Na kabla ya kununua hata moja, nakuomba ufanye jaribio dogo la siku tatu nitakalolieleza huko mbele, kwa sababu umeleta matatizo manne ndani ya swali moja na kila moja lina chanzo chake. Kimo kinatokana na altimita, ala inayosoma kimo. Mawingu yasiyofanana na ripoti yanatokana na data. Fremu ni shauri la kadi ya michoro, na shule ya urubani ina mambo yake tutakayoyafikia. Katika hayo yote, programu za dukani zina dawa ya moja tu, tena nusu dozi.

Nianze na neno la rafiki yako. Miaka ya nyuma lilikuwa na ukweli mwingi. Leo limepitwa na wakati, na ukilishika litakutoa fedha bure. Microsoft Flight Simulator ilipotoka Agosti 2020 ilikuja na hali ya hewa ya moja kwa moja kutoka Meteoblue, kampuni ya Uswisi iliyoko Basel, ambayo shughuli yake ni kuendesha modeli za utabiri, yaani hesabu za kompyuta za hali ya anga. Baadaye simuleta hiyo ikaongezewa METAR za viwanja, zikachanganywa na modeli. X-Plane 12, simuleta nyingine iliyotoka mwishoni mwa 2022, nayo inachanganya METAR na modeli ya GFS ya Marekani. Kwa hiyo hiyo METAR halisi unayotaka kuinunua tayari unayo. Tunachopaswa kujiuliza ni kwa nini, pamoja na kuwa nayo, bado unauona uwanja wakati ripoti inataja wingu la futi 800.

Hapo lazima tujue METAR ni kitu gani hasa. Kwa miaka kadhaa nilikuwa mwangalizi wa hali ya hewa kiwanjani, na ripoti hizo nilikuwa naziandika mwenyewe. Dakika kumi kabla ya saa kamili unatoka nje. Unatazama juu, unaligawa anga kwa macho katika sehemu nane, unahesabu ngapi zimefunikwa. Unatafuta alama unazoujua umbali wake: mnara wa maji ulio kilomita mbili, kilima kilicho kilomita tano. Mnara unaonekana, kilima kimemezwa, basi umbali wa kuona uko mahali fulani katikati. Unasoma kipima upepo, kipimajoto na barometa, na kile kifaa kinachorusha mwali wa leza juu kinakupa kimo cha upande wa chini wa wingu. Kisha unarudi mezani, unaandika mstari mmoja kama huu:

121150Z 24008KT 4000 -RA BKN008 OVC020 18/17 Q1009

Maana yake: tarehe 12, saa 11:50 kwa saa za dunia (UTC); upepo unatoka nyuzi 240 kwa noti 8, yaani maili 8 za baharini kwa saa; umbali wa kuona ni mita 4,000; mvua nyepesi; wingu lililofunika sehemu tano hadi saba kati ya nane lina kitako cha futi 800; juu yake, kwa futi 2,000, anga limefunikwa lote; joto nyuzi 18, kiwango cha umande nyuzi 17; mgandamizo wa hewa uliorekebishwa hadi usawa wa bahari, yaani QNH, ni hektopaskali 1009.

Zaidi ya hapo mstari ule ni bubu. Haujui kama lile tabaka la futi 2,000 lina unene wa futi 500 au 15,000, kwa kuwa mwangalizi yuko chini yake. Haujui kuna nini kilomita thelathini upande wa pili wa kilima. Hata anga likiwa wazi, kwa kawaida ripoti hutaja mawingu yenye maana kwa ndege zinazotua na kuondoka, mengi yake yakiwa chini ya futi 5,000, pamoja na yale ya radi. Yale mawingu membamba kama nyuzi unayopita katikati yake ukiwa futi 34,000 hayamo kabisa. Tena ripoti hutoka kila saa au kila nusu saa. Kukitokea badiliko kubwa katikati hutolewa ripoti maalumu, lakini wingu la futi 800 linaweza kupasuka na kufunga tena mara tatu kabla ya hiyo ijayo.

Upande wa pili kuna modeli. Chukua GFS: inaendeshwa mara nne kwa siku, saa 00, 06, 12 na 18 kwa saa za dunia, na matokeo yake hufika saa kadhaa baada ya hapo. Matokeo hayo hutolewa kwa gridi ya robo nyuzi, yaani visanduku vya karibu kilomita 28 kwa 28 palipo na ikweta. Ndani ya kisanduku kizima kuna thamani moja ya upepo, moja ya joto, moja ya unyevu kwa kila kimo. Wingu la radi lenye upana wa kilomita kumi ni dogo kuliko kisanduku chenyewe, kwa hiyo modeli haiwezi kukuambia limekaa wapi. Inakisia tu kwamba humo ndani kuna uwezekano wa radi. Lakini ukiiuliza upepo wa futi 34,000 inajibu vizuri sana, maana upepo wa juu huwa mpana na hubadilika polepole.

Ndiyo hali ilivyo, na haibadiliki kwa kulipa. METAR inaijua ardhi ya kiwanja na haijui kitu kingine. Modeli inalijua anga la juu na inababaika penye wingu la chini juu ya uwanja mmoja. Programu yoyote inayodai kuleta hali halisi ya hewa inapika kwa unga huohuo. Tofauti iko kwenye kuchanganya: tabaka lisilotajwa lijazwe vipi, upepo wa kiwanja uunganishwe vipi na ule wa juu, na viwanja viwili vyenye ripoti zinazopingana vishonwe vipi. Wapo wanaoshona vizuri kuliko wengine. Uzi ukikosekana, hakuna fundi.

Sasa turudi kwenye futi 800 zako. Neno BKN lina nafasi ya kukudanganya macho, kwa kuwa likiwa na sehemu tano kati ya nane, tatu zilizobaki ni matundu. Ukiwa juu ya kiwanja ukitazama chini unaweza kuona lami kupitia tundu, na simuleta haijakosea. Ila wewe umesema unauona uwanja tangu mbali, na hapo mambo ni tofauti: ukitazama kwa pembe ya chini matundu hujificha nyuma ya mawingu ya mbele, tabaka likaonekana kama limefunga. Kuuona uwanja tangu mbali kunanionyesha kuwa wingu halikuchorwa au ripoti uliyosoma si ile iliyotumiwa na simuleta. Kagua kwanza kama umebaki kwenye hali ya hewa ya moja kwa moja; ukigusa kitelezi kimoja cha mawingu, simuleta inahamia kwenye hali uliyoitengeneza wewe. Pili, kagua kama data inafika. Upepo mdogo usiobadilika pamoja na mgandamizo wa 1013 kila uendako ni dalili kwamba seva haikujibu na unaruka kwenye hewa ya kubuni.

Kuhusu programu ya mawingu mazuri nitakuwa mfupi: iache. Katika simuleta za zamani wingu lilikuwa rundo la picha bapa zilizosimamishwa angani zikikugeukia kila uendapo. Aliyeuza picha nzuri zaidi aliuza wingu zuri zaidi, na biashara ile ilikuwa halali. Mimi mwenyewe niliwahi kununua picha za mawingu za pikseli 4,096 kwa skrini isiyofikia nusu ya hizo. Kompyuta ilikwama na macho hayakuona tofauti. Kwenye simuleta yako wingu ni ujazo unaokokotolewa, halina picha ya kubadilishwa. Chochote kitakachouzwa kwa jina la mawingu kitakuwa kinageuza mipangilio ya hali ya hewa, na mipangilio hiyo unaweza kuigeuza mwenyewe.

Ujazo huohuo ndio unaokula fremu zako. Kwa kila pikseli ya skrini, kadi inapiga mstari kuelekea angani, na mstari ukiingia winguni unasimama hatua kwa hatua ukiuliza: hapa kuna matone kiasi gani, na mwanga wa jua uliofika hapa umebaki kiasi gani? Ukiwa nje ya wingu mistari mingi inapita hewa tupu bila kuuliza. Ukiwa ndani, skrini nzima inauliza kwa pamoja. Hivyo 40 kuwa 18 ni hesabu ya kawaida kwa kadi inayofanya kazi hadi ukingoni, na programu ya nyongeza ikiongeza mawingu itaongeza maswali. Dawa ni kushusha ubora wa mawingu ngazi moja, kisha, kama haitoshi, kupunguza kidogo ukubwa wa picha inayochorwa kabla ya kutandazwa kwenye skrini. Fanya moja, ruka, angalia, ndipo ufanye la pili. Ukishusha vyote kwa mpigo hutajua kipi kilikuponya.

Kwa hiyo tumebaki na ile ya METAR na ile ya mtikisiko, na hapa kuna kitu ambacho wauzaji hukisema kwa maandishi madogo. Katika simuleta ya Prepar3D, na kabla yake FSX, programu ya nje ilipewa ufunguo wa anga: iliweza kuweka wingu hili hapa na lile pale, na upepo wa kila kituo. Ndiyo maana Active Sky, programu ya hali ya hewa ya kununua, ilijijengea heshima kubwa huko, hadi rada za hali ya hewa za baadhi ya ndege za kununua zikawa zinasoma data kutoka kwake. Microsoft Flight Simulator ya 2020 haikutoa ufunguo huo. Programu inayotaka kulitawala anga lake hutengeneza mpangilio mmoja wa hali ya hewa na kuupakia, kisha baada ya muda hutengeneza mwingine. Mpangilio mmoja unatawala anga lote unaloliona. Ukiwa kwenye jua kiwanjani, huwezi kuona ukuta wa mvua ya radi kilomita hamsini mbele yako, hata kama upo kweli; utaukuta mpangilio utakapobadilika. Hali ya hewa ya simuleta yenyewe, pamoja na kasoro zake, inakuonyesha ukuta huo ukiwa mbali.

Hayo ndiyo mabadilishano. Ukinunua utapata kiwanja kinachofuata ripoti kwa karibu zaidi: kitako cha wingu, umbali wa kuona, upepo. Utapoteza upana wa anga. Kwa mtu anayeruka safari fupi na kutua mara nyingi penye hali mbaya, biashara hiyo inaweza kuwa nzuri. Kwa anayekaa saa sita futi 36,000 akizunguka radi, mimi nisingeichukua. Active Sky FS, iliyotoka 2024 kwa simuleta yako, inakupa pia njia ya kuliacha anga la simuleta lilivyo na kuitumia programu kama dawati la taarifa: ripoti za viwanja na upepo wa njia nzima. Ni njia ya heshima, lakini jiulize kama taarifa hizo huzipati tayari kwa kusoma METAR na ramani za upepo zinazotolewa bure.

Na usije ukaziwasha programu mbili za hali ya hewa kwa pamoja. Kila moja inaandika anga lake juu ya lile la mwenzake, upepo unaruka, mawingu yanapepesa, na utatafuta kosa kwenye ndege isiyo na kosa. Mpango wako wa kununua tatu ungekufikisha hapohapo.

Niseme kwa nini upepo unaoruka unanitia wasiwasi kuliko wingu baya. Miaka mingi iliyopita, kwenye simuleta niliyokuwa nayo wakati huo, nilikuwa futi 34,000 na upepo wa mbisho wa noti 70. Otopailoti imeshika, mashine zinaimba vizuri, nimeinama kuandika mafuta. Kufumba na kufumbua upepo ukawa wa mgongoni noti 30, kwa sababu tumevuka mpaka kati ya kituo kimoja cha data na kingine. Ndege ina uzito. Haiwezi kubadili mwendo wake juu ya ardhi kwa sekunde moja. Lakini mabawa hayajui ardhi, yanajua hewa inayoyapita, na hewa hiyo ilipungua noti 100 papo hapo. Utepe wa mwendokasi ulianguka kama jiwe kisimani, usukani ukatetemeka, pua ikainama, na nikapoteza futi 6,000 kabla ya kuikamata ndege. Ulainishaji wa upepo ndio uliokuwa sababu yetu kubwa ya kununua programu za hali ya hewa enzi zile, na ulistahili kila senti. Kwenye simuleta yako tatizo hilo kwa sehemu kubwa limeondoka kwa kuwa modeli inabadilika taratibu kutoka kisanduku hadi kisanduku. Ukinunua programu ya kupakia mipangilio, unaweza kulikaribisha upya kwa mlango wa nyuma, kwa hiyo ukiwa kwenye majaribio tazama utepe wa mwendokasi kila mpangilio unapobadilika.

Mtikisiko sitaukalia sana. Ndani ya mipangilio ya misaada ya simuleta kuna ngazi za mtikisiko. Wengi hawajawahi kuifungua. Ipeleke kwenye hali halisi, uruke mchana wa jua kali chini ya futi 5,000 juu ya ardhi kavu, kisha ujiulize kama unahitaji zaidi. Kumbuka pia kwamba kiti chako hakitikisiki. Kinachotikisika ni picha, na picha ikitikisika kupita kiasi bila mwili kuhisi kitu, kichefuchefu hakiko mbali.

Sasa altimita, na hapa nina hakika zaidi kuliko popote. Karibu na usawa wa bahari, hektopaskali moja ni kama futi 27 hadi 30. Tuseme umeondoka kiwanjani QNH ikiwa 1003. Ukivuka kimo cha mpito unatakiwa kuweka 1013, kipimo cha pamoja kwa wote walio juu. Ukisahau, una hitilafu ya hektopaskali kumi, yaani futi 270 hadi 300. Ni kiasi kinachotosha kumfanya mwongoza ndege akuulize. Tena kuna mtego unaowanasa wengi: kitufe cha B kwenye simuleta yako kinaweka mgandamizo wa pale ulipo, na hakifuati kimo cha mpito cha nchi unayoruka. Marekani kimo hicho ni futi 18,000. Kwingine kinaweza kuwa 5,000 au hata 3,000. Ukipanda katika nchi ya futi 5,000 huku ukibonyeza B ufikapo 10,000, umeiondoa altimita kwenye kipimo ambacho wenzako wote wanakitumia. Kisome kimo cha mpito kwenye chati ya kuondokea, zungusha kitasa kwa mkono, utaje kwa sauti. Hakuna programu ya hali ya hewa itakayokufanyia hilo. Mgandamizo wa simuleta wenyewe unaweza kutofautiana na wa mwongoza ndege kwa hektopaskali moja au mbili ripoti inapobadilika, na hizo ni futi hamsini hivi, hazikuletei simu ya mtu.

Jaribio lenyewe ni hili. Chagua kiwanja kimoja chenye METAR ya kuaminika. Kwa siku tatu, saa ileile, pakia ndege ukiwa umesimama kwenye njia ya kurukia, hali ya hewa ya moja kwa moja ikiwa imewashwa, na uandike vitu vinne vya ripoti na vinne vya simuleta: upepo, mgandamizo, kitako cha wingu, umbali wa kuona. Andika na saa ya ripoti. Kitako cha wingu usikikisie. Panda wima kwa mzunguko mdogo hadi ardhi ipotee, usome altimita, utoe kimo cha kiwanja. Watu wengi hukosea hapo. Ripoti huhesabu wingu kuanzia kiwanjani, altimita huhesabu kuanzia usawa wa bahari. Kwenye kiwanja kilicho futi 3,000, wingu la 800 utalikuta altimita ikisoma 3,800. Wapo walioilaani simuleta kwa kosa hili moja. Siku ya tatu panda hadi futi 34,000 na ulinganishe upepo na ramani ya hektopaskali 250, ambayo iko karibu na kimo hicho.

Ukikuta upepo na mgandamizo vinakubaliana na ripoti siku zote tatu, na kasoro iko kwenye wingu la chini peke yake, baki na ulichonacho. Ukikuta kitako cha wingu kinapotea siku mbili kati ya tatu na kutua penye hali mbaya ndiko unakokupenda, programu moja ya data ina nafasi. Ipo na sababu nyingine halali ya kununua: kuirudia siku iliyopita. Active Sky hukuwezesha kuchagua tarehe na saa ya zamani, na kwa anayetaka kujifunza kwa nini alishindwa kutua Jumanne ile, hicho ni chombo cha thamani. Kabla ya kulipa hakikisha toleo ni la simuleta yako hasa. Jina moja hubeba matoleo ya simuleta tofauti, na la X-Plane halitafanya kazi kwako. Kama una nia ya kuhamia toleo la 2024, uliza kwanza kama programu itahama nawe, na usome masharti ya kurudishiwa fedha.

Ungekuwa unatumia Prepar3D, ningekujibu bila kusita: nunua programu moja nzuri ya data, na picha za mawingu kama moyo unataka. Kwa X-Plane ningekuambia ulikae toleo la 12 kwa mwezi mmoja kwanza, maana anga lake limebadilika sana kutoka la 11.

Nimefika kwenye shule ya urubani, na nafurahi umeliuliza kabla ya kuanza. Kwa mazoezi, hali ya hewa ya moja kwa moja ni mwalimu mbaya kwa sababu haikupi unachohitaji siku unayokihitaji. Unataka kujifunza kutua kwa ala wingu likiwa chini? Itengeneze mwenyewe: kitako futi 250 juu ya kiwanja, umbali wa kuona mita 800, upepo wa ubavu noti 10. Njia ya kawaida ya kutua kwa ala huruhusu kushuka hadi futi 200 ndipo uamue, kwa hiyo utapata muda mfupi sana wa kuona taa. Rudia mara kumi hali ileile bila kubadili kitu. Simuleta yako ina uwezo huo bila nyongeza yoyote. Angalia tu kama kitelezi kimewekwa kuhesabu juu ya ardhi au juu ya bahari, usije ukalizika wingu chini ya lami. Kwenye toleo lako umbali wa kuona hauna kitelezi chake. Unaupata kwa kuongeza vumbi la hewani na kulinganisha na urefu wa njia ya kurukia, ambao umo kwenye chati.

Lakini usianze shule ukiwa umejifundisha mwenyewe mambo hayo pekee. Saa za kwanza utaruka kwa macho, ukiutazama upeo wa nje, na walimu wengi wanalalamika kwamba wanafunzi waliotoka kwenye simuleta wameganda kwenye ala. Mwambie mkufunzi wako siku ya kwanza kwamba una simuleta, umwonyeshe unachofanya nayo, naye akuambie cha kuendelea nacho na cha kuacha. Mwulize pia kama kuna kifaa kilichoidhinishwa na mamlaka ya usafiri wa anga shuleni. Saa za kifaa hicho zinaweza kuingia kwenye kitabu chako, za nyumbani haziingii. Hisia za mwili ndani ya wingu, sikio linapokuambia unapinda kushoto na ala zinasema umenyooka, utazijua ukiwa naye ndani ya ndege halisi. Usizitafute peke yako. Na kwa safari yoyote ya kweli, hata ya dakika ishirini, uamuzi wa kuruka utokane na ripoti na utabiri wa ofisi ya hali ya hewa ya usafiri wa anga pamoja na neno la mkufunzi. Anga la simuleta usilichungulie kabisa kwa jambo hilo.

Kama kompyuta inazima au inatoa harufu ya moto unapoingia mawinguni, mpelekee fundi aifungue na kuisafisha feni kabla hujagusa mpangilio mwingine. Kama kichefuchefu kinaendelea saa nzima baada ya kuzima skrini, mwone daktari, na umtajie kwamba unakaribia kupimwa afya ya urubani.

Ukimaliza zile siku tatu, nitumie jedwali lako: safu nne za ripoti, nne za simuleta, pamoja na saa ya kila ripoti na kimo cha kiwanja. Nikiliona nitakuambia kama kuna haja ya kuigusa akiba yako.